Nyumba ya Tippu Tip, Shangani: Mali Iliyoijenga na Maji Yanayoibomoa

Mtu anayetoka upande wa bahari ya Shangani na kuingia katika vichochoro vilivyo karibu na jengo lililokuwa Klabu ya Waingereza, maarufu kwa jina la Africa House, hakosi kuliona jumba kubwa la zamani lenye mlango mzito wa kuchonga, na mbele ya mlango huo ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Ndilo jumba linalojulikana kwa jina la Nyumba ya Tippu Tip. Watembeza watalii huwasimamisha wageni wao hapo, husema maneno machache, kisha huendelea na njia yao. Wananchi wenyewe aghalabu hupita bila ya kulitazama. Maelezo haya yamekusudiwa kuonesha jumba hilo limetokana na mali gani, mwenyewe alikuwa nani, na kwa nini majumba ya aina yake, yaliyohimili jua na mvua kwa zaidi ya miaka mia moja, huja yakaanguka. Jambo hili la mwisho si la historia peke yake, kwani ndani ya majumba ya Mji Mkongwe wanaishi watu.

Mwenye nyumba, kwa jina lake khasa, ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyezaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa bara mwenye makaazi Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora, na ukoo wao, ijapokuwa asili yake ni Oman, ulikwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima. Kijana Hamed alianza na biashara ndogo ya sandarusi. Alipofikia umri wa miaka kama kumi na minane akafuatana na baba yake kwenda bara. Jina la Tippu Tip alilipata huko huko. Mwenyewe alieleza kuwa limetokana na mlio wa bunduki zake; wengine husema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Msomaji ana khiari ya kuchagua, lakini maelezo ya mwenyewe yana uzito wake, kwa kuwa mtu hajipi jina la kuogofya pasipo kuijua faida yake.

Wengi hudhani kuwa matajiri wa pembe waliondoka pwani wakiwa na mali yao mikononi. Haikuwa hivyo. Safari ya bara ilikuwa ni safari ya deni. Mwenye msafara alihitaji merikani na kaniki kwa marobota, ushanga wa aina zinazopendwa katika kila nchi atakayoipita, masango ya shaba, bunduki na baruti, na posho ya mamia ya watu. Vyote hivyo alivichukua kwa mkopo katika maduka ya Unguja, khasa kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na mafungamano na nyumba za biashara za Bombay. Akirudi, pembe hupimwa kwa frasila, ambayo ni kiasi cha kilo kumi na sita. Deni hukatwa, na kinachobaki ndicho chake. Akifa njiani, au pembe zikiporwa, mkopeshaji naye amepata hasara. Kwa hiyo jina jema la mtu lilikuwa ni sehemu ya mtaji wake, na pengine ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Mkopeshaji aliyemwamini Tippu Tip kuliko wengine ni Tharia Topan, mtu wa Kutch aliyekuja Unguja akiwa mtoto, akafanya kazi chini ya nyumba ya Jairam Shivji iliyokuwa imeikodi forodha ya Sultani, na mwishowe mwenyewe akaishika forodha hiyo wakati wa Sayyid Barghash. Tippu Tip alipoondoka kwa safari yake kubwa, mwaka 1870, mali ya Tharia Topan ndiyo iliyokuwa nyuma yake. Hakurejea Unguja ila mwaka 1882. Ni miaka kumi na miwili. Hapana benki ya siku hizi itakayokubali kungoja muda kama huo kwa mkopaji asiyejulikana yuko katika msitu gani.

Alikuwa katika nchi za Maniema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako alijijengea makao Kasongo na kutawala kwa nguvu ya bunduki na kwa urafiki na watawala wa huko. Kabla ya hapo, mwaka 1867, alikwisha kumshinda Nsama wa Itabwa, aliyekuwa akiogopwa na wafanyabiashara wote, na kuchukua shehena kubwa ya pembe. Wazungu waliopita nchi hizo wote walikutana naye: Livingstone mwaka 1867, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Misafara hii ndiyo iliyokipeleka Kiswahili mashariki ya Kongo, ambako hadi leo kinazungumzwa, na pamoja nacho kilimo cha mpunga.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo mara nyingine hufunikwa kwa heshima ya majumba mazuri. Pembe hazikuja pwani kwa magari wala kwa wanyama. Mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na farasi, basi kila pembe ilibebwa begani mwa mtu kwa miezi kadhaa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na kazi hiyo waliijua na kuionea fahari. Lakini wengine walikuwa ni watumwa, waliotekwa katika vita vya Maniema na kwengineko, na vijiji vingi viliteketezwa ili watu na pembe zipatikane. Wakati msafara ule wa 1870 ukiwa bado bara, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, kwa mkataba wa Juni 1873, na biashara ya kuwavusha baharini ikapigwa marufuku. Utumwa wenyewe hapa Unguja uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Imeandikwa kuwa kufikia mwaka 1895 Tippu Tip alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao elfu kumi. Pembe zilivuka bahari kwenda kufanywa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Marumaru zile nyeusi na nyeupe za Shangani, basi, mtu akizikanyaga ajue bei yake ililipwa wapi.

Mwezi wa Februari 1887 Tippu Tip alitia saini hapa Unguja mkataba na Stanley, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wa kuwa wali wa Stanley Falls katika Kongo kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mshahara huo ulikuwa kidogo sana kwa mtu wa mali kama yake. Alichokitaka ni kuihifadhi biashara. Hakufanikiwa kwa muda mrefu. Aliporudi Unguja mwaka 1891 hakwenda tena bara. Mwaka uliofuata vilizuka vita baina ya Wabelgiji na Waarabu na Waswahili wa Kongo, mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893, na kufikia 1894 utawala wa Maniema ulikwisha kabisa.

Miaka yake ya mwisho aliimaliza katika Mji Mkongwe, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu linapita jumba lake kwa thamani. Kwa ombi la Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, aliandika khabari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Maandishi hayo yalichapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, na baadaye, katika mwaka 1958 na 1959, yakatolewa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya mtu kujieleza maisha yake kwa lugha yetu. Msomaji ataona humo hesabu za frasila, majina ya watawala na masafa ya njia. Majina ya watu waliozibeba pembe hayakuorodheshwa. Tippu Tip alifariki mwezi wa Juni 1905.

Sasa tuliangalie jengo. Majumba makubwa ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa kisiwani hapa hapa, na kushikanishwa kwa udongo na chokaa. Chokaa hiyo nayo ni matumbawe yale yale: hupangwa juu ya tanuu la magogo, huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha huachwa muda mrefu ikalainika kabla ya kutumiwa. Kuta hufikia unene wa nusu mita na zaidi. Dari hulazwa juu ya boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi mita tatu au pungufu ya hapo, vyumba vyote vya zamani vimekuwa vyembamba na virefu, hata katika nyumba ya tajiri asiyekosa nafasi wala fedha. Mtu anayeingia nyumba hizi hushangaa kwa nini mwenye mali nyingi alilala katika chumba kama ushoroba. Jibu ni mkoko.

Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa zege ya chokaa na kokoto, na watu wengi, wanawake kwa wanaume, huipondaponda kwa vipande vya miti huku wakiimba, kwa siku kadhaa, mpaka ikashikana. Sakafu hiyo ikitengenezwa vizuri haipitishi maji kwa urahisi. Mwanzoni paa nyingi zilikuwa bapa kwa namna hiyo. Baadaye watu wakaongeza mapaa ya mabati juu yake kwa sababu ya wingi wa mvua zetu. Maji ya paa hutolewa nje kwa mlizamu, yaani mfereji unaochomoza ukutani ili maji yaanguke mbali na msingi.

Kuhusu mlango, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Wageni huambiwa kuwa mnyororo unaochongwa pembezoni mwa fremu ni alama ya biashara ya watumwa. Lakini mnyororo huo umo katika milango mingi ya mwambao, ikiwamo ya watu wasiojulikana kwa biashara hiyo, na wengine hueleza kuwa ni alama ya usalama wa nyumba. Misumari mikubwa ya shaba nayo husemekana ilianza Bara Hindi, kuwazuia tembo wa vita wasivunje milango. Unguja haikuwahi kuwa na tembo wa kuvunja mlango. Iliyokuwa nayo ni pembe zao tu. Kinachoweza kusemwa kwa yakini ni kuwa mlango ulikuwa ni tangazo. Mwenye nyumba alikaa barazani na wageni wake, na aliyepita njia alikisia uwezo wa kukopesheka kwake kwa kuutazama mlango. Tumekwisha kuona jina jema lilikuwa na thamani gani kwa mtu wa deni.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 majumba mengi makubwa ya mjini yalitwaliwa na Serikali na kugawiwa kwa wananchi waliokuwa hawana makaazi ya maana. Jumba la Tippu Tip lilikuwa miongoni mwa majumba yaliyokaliwa na familia kadhaa kwa pamoja. Uamuzi ule ulikuwa na haki yake: watu waliokuwa wakiishi chumba kimoja cha udongo walipata paa la mawe. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja, yenye msimamizi mmoja na watumishi wa kuitazama, ilipogawanywa vyumba vyumba, ilibakia na sehemu ambazo si za mtu yeyote. Kila familia iliangalia chumba chake. Paa halikuwa chumba cha mtu. Ngazi, ua na mlizamu pia havikuwa vya mtu. Vyoo na majiko yaliongezwa ghorofani, mahali ambapo dari haikukusudiwa kubeba maji, na mabomba yakapitishwa kutani.

Hapo ndipo maangamizi yanapoanzia, nayo huanza kimya kimya. Bati moja likitoboka, maji ya masika hushuka ndani ya ukuta, na udongo uliomo baina ya mawe hulainika. Ncha ya boriti iliyozama ukutani, ambayo haionekani, huoza kwanza. Mchwa humaliza kazi. Kwa nje nyumba ni nzima, ila pengine ufa mwembamba juu ya dirisha, au mche wa mti unaochipua kwenye ukingo wa paa. Halafu, usiku mmoja wa mvua, dari nzima hushuka.

Dawa inayotumiwa na wengi huzidisha maradhi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena kwa hewa. Fundi akiupiga lipu ya sementi, unyevu haupati pa kutokea. Hubakia ndani, hupanda juu pamoja na chumvi, na baada ya misimu michache lipu hubanduka ikiwa imeshika vipande vya mawe. Mwenye nyumba huamini kuwa sementi haikutosha, akaongeza nyengine. Fedha zimekwenda na ukuta umezidi kudhoofika.

Kwamba hali hii inaweza kurekebishwa, ushahidi upo upande wa pili wa mji, na ajabu ni kwamba ni jengo lililoanzishwa kwa mali ya yule yule Tharia Topan. Mwaka 1887 alianza kujenga Mizingani, mbele ya bahari, jumba alilokusudia liwe hospitali kwa kumbukumbu ya miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kazi ikiwa haijaisha. Mjane wake akaiendeleza hadi mwaka 1894. Baadaye lilinunuliwa kwa mali ya tajiri mwengine wa Kihindi na kufanywa dispensari ya hisani, daktari chini na makaazi juu, na kwa hiyo likaitwa Dispensari hadi leo. Baada ya 1964 nalo lilikuwa mali ya Serikali, likachakaa, roshani zake za mbao zikaanza kuning'inia na vioo vya rangi kupasuka. Mwaka 1990 lilikabidhiwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na katika miaka iliyofuata likakarabatiwa kwa chokaa na kwa mbao, na mafundi wa hapa wakajifunza upya kazi za babu zao. Nyumba ya mkopeshaji na nyumba ya mkopaji zimepigwa na mvua ile ile. Tofauti ni kwamba moja ilipata wa kuiangalia kuanzia paani hadi msingini.

Hasara ya kukosa uangalizi mji mzima uliiona tarehe 25 Disemba 2020, pale sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Na jengo hilo lilikuwa ni fahari ya Taifa, lililokuwa katika matengenezo wakati huo. Nyumba zisizo na jina, zenye kupangishwa vyumba, hazipigwi picha zinapoanguka.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 kwa ajili ya mambo haya. Mji ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi kwa sheria ya mwaka 1994, ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sheria mpya ikatungwa mwaka 2010. Wananchi wengi huichukulia sheria hiyo kuwa ni kizuizi cha kumzuia mtu asijenge kwake. Maana yake ya karibu ni kwamba asianze kazi kabla ya kupata kibali, iwe nyumba ni yake mwenyewe, ni ya Wakfu, au ni ya Serikali aliyopangishwa. Kuongeza ghorofa, kuvunja ukuta wa ndani ili kupata duka, kubadilisha mlango au dirisha, na kuhamisha choo, yote yanaingia humo. Ukuta wa ndani katika nyumba hizi si kizigo tu cha kugawa vyumba, bali ndio uliobeba boriti za pande zote mbili. Ukiondolewa chini, vyumba vya juu havina pa kukaa.

Yapo pia yasiyohitaji fedha nyingi, na ambayo wapangaji wa nyumba moja wanaweza kukubaliana wenyewe kabla ya masika kuingia mwezi wa Machi. Kwanza ni kupanda juu na kulitazama paa, mtu mmoja kwa niaba ya wote, na kuzibua mlizamu na mifereji iliyojaa majani. Miche inayoota katika nyufa ing'olewe ingali midogo, kabla mizizi yake haijaingia ukutani. Bomba linalovuja ghorofani litengenezwe siku hiyo hiyo, bila ya kubishana ni la nani. Tangi la maji lisiwekwe katikati ya dari, kwani lita elfu moja ni tani nzima. Na atakayeziba lipu iliyobanduka atumie chokaa iliyokwisha kuzimwa na kulowekwa wiki kadhaa, atie tabaka nyembamba nyembamba, na aliache kila tabaka likauke polepole kivulini kabla ya kutia jengine.